Mpira Ukielekea Menengai

Enzi zetu, na nyinyi mliolelewa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, mtaniunga mkono, mpira ulikuwa kitu cha kusikiliza. Kuutazama ilikuwa bahati ya wenye tiketi, na baba zetu wengi walikuwa na watoto wengi kuliko mashati. Siku hizi kila kijana anatembea na uwanja mzima mfukoni. Anatazama mechi akila chipsi, akivuka barabara, hata akiwa chooni, na bado ukimuuliza nani alitoa pasi ya bao, anakutolea macho. Sisi hatukuona, lakini tulijua. Tulijua hata beki gani alikuwa anachechemea na tangu lini.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kuongea kunanitesa. Wengi wenu mnanifahamu kwa sauti, si kwa sura, na kwa kweli hamjapoteza kitu. Mimi ndiye yule Ezekieli aliyekuwa akiwatangazia mpira Jumamosi alasiri, miaka ile redio ilipokuwa moja kwa ploti nzima. Jumatatu ijayo nalazwa hospitalini. Daktari ataondoa kile kisanduku cha sauti kilichomo kooni, kwa maana kansa imekila. Alinieleza kwa upole, kijana mwenye adabu, kwamba nitaishi, nitakula, lakini sauti ndiyo basi. "Mzee, kama kuna kitu ungetaka kusema, sema before Monday," akaniambia. Nilicheka, na hicho kicheko chenyewe kikatoka kama mlango wa banda la kuku. Nimezungumza maisha yangu yote, watu wakinilipa nizungumze, na sasa sijui niseme nini. Basi acheni niwarudishe nyuma, kwa sababu mbele sioni kitu ninachotamani kukitazama.

Nakumbuka vumbi kwanza. Vumbi la Nakuru la wakati huo lilikuwa jeupe na laini, liliingia kwenye uji, kwenye masikio, hata katikati ya kurasa za Biblia ya mama. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya magadi na ya mavi ya flamingo. Ukigeuka, ulileta ile harufu kali ya pareto kutoka kiwandani, na mama aliapa kwamba hiyo ndiyo iliyofanya landhi yetu isiwe na kunguni. Haikuwa kweli. Kunguni walikuwako, tena wanene, na nadhani pareto waliizoea kama sisi tulivyoizoea.

Tulikaa chumba kimoja. Pazia lilipita katikati, upande mmoja wazazi, upande wa pili sisi watoto sita na kuku wa mama, ambao walikuwa na nafasi nzuri kuliko yetu. Baba alikuwa ametoka magharibi, upande wa Vihiga, akaajiriwa reli kugeuza njia pale yadi, yaani kuvuta yale machuma marefu ili behewa la mahindi lisiende kugongana na la mafuta. Alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi tulipokwenda shule miguu mitupu, mashavu yaking'aa mafuta kama maandazi, alitutazama tu na kusema, "Mtu asirudi hapa na barua ya mwalimu." Wosia wote ulikuwa huo. Leo mtoto akiguswa na mwalimu, mzazi anafika shuleni na simu mkononi akirekodi. Sisi ukichapwa shuleni ulificha, maana nyumbani ungeongezwa.

Baada ya shule ilikuwa michezo, bano za gololi, kati, na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za katani. Mpira ule ukinyeshewa ulikuwa mzito kama jiwe, na aliyeupiga kichwa alilala mapema. Lakini mpira wenyewe, mpira wa watu wazima wenye viatu, ulikuwa pale uwanja wa Afraha Jumamosi. Hatukuwa na tiketi. Tulikuwa na tundu.

Ua wa uwanja upande wetu ulikuwa wa mabati, na kwenye bati moja, kimo cha kifua cha mtoto, palikuwa na tundu la msumari lililopanuliwa na miaka ya vidole. Jicho moja tu ndilo lililoweza kuingia. Nyuma ya hilo jicho tulikuwa watoto ishirini, thelathini, tumebanana kama ndizi. Sheria ya tundu ilikuwa moja, na sijui nani aliitunga, tuliikuta: mwenye jicho hulipa kwa mdomo. Ukitazama, lazima useme unachokiona, na useme kwa sauti ili hata wa nyuma kabisa asikie. Ukinyamaza ili ufurahie peke yako, ulivutwa kwa kola. Ukidanganya kwamba kuna bao na uwanja haujanguruma, hukukaribia tundu tena msimu mzima.

Wengi waliona vizuri lakini mdomo uliwashinda. Walisema, "Anapiga... ameenda... wuu!" na kikundi kizima kikapiga kelele kutaka kujua ni nani ameenda na ameenda wapi. Hapo ndipo nilipopata cheo. Nilikuwa mdogo kwa mwili lakini mdomo wangu haukukauka. Na shida ya kwanza niliyoitatua ilikuwa ya upande. Mtu asiyeona akiambiwa "kushoto" hajui ni kushoto kwa nani. Nikaanza kusema mpira unaelekea Menengai, au unaelekea ziwani, kwa sababu goli moja lilikuwa upande wa mlima na jingine upande wa ziwa, na hakuna mtoto wa Nakuru asiyejua Menengai iko wapi hata akifumba macho. Ghafla wote thelathini waliuona uwanja. Walikuwa wamekaa chini kwenye vumbi, migongo kwenye mabati, macho yamefumbwa, na wakati mwingine watu wazima waliokuwa wakipita walisimama wakajiegemeza hapo, wakijifanya wanawasha sigara.

Tangu siku hiyo tundu likawa langu. Hata wakubwa walionizidi nguvu walinisogeza mbele wenyewe. "Wekeni Eze," walisema. Sijawahi tena kupata heshima kama hiyo, na nimepewa vikombe viwili na chama cha watangazaji.

Baba hakuwahi kuona mechi. Jumamosi zamu yake ilikuwa ya mchana, na treni hazikujua mpira. Alirudi jioni akinuka grisi, akanawa, akaketi kwenye kigoda, mama akamwekea ugali na mrenda na omena kidogo. Kisha bila kuniangalia akasema, "Haya. Walianzaje?" Nami nilisimama mbele yake nikaitangaza mechi yote upya, toka kipenga cha kwanza. Nilikuwa na kumbukumbu hiyo wakati ule. Baba alikula polepole. Timu ya reli ikishambulia, tonge lilisimama hewani kati ya sahani na mdomo, na halikushuka mpaka nimalize shambulio. Mrenda ulidondoka magotini, hakuuona.

"Ezekieli, mwache baba yako ale!" mama alifoka. "Chakula kinapoa, wewe unapiga kelele kama mtu wa mnada!"

"Mwache," baba alisema. "Mpira uko wapi sasa?"

"Unaelekea Menengai, baba."

"Eee. Endelea."

Nikifikiria utoto wangu, picha hiyo ndiyo inayonijia, na siku hizi inanijia na machozi. Yule mtu hakunikumbatia hata siku moja, enzi zetu baba hawakukumbatia, lakini alinisikiliza. Nimetangazia watu wengi sana baadaye. Wote hao nilikuwa nawatangazia kama mtu mmoja aliyeshika tonge.

Redio ya ploti yetu ilikuwa ya karani wa tiketi, Mzee Okwemba, mtu aliyevaa tai hata akienda kuteka maji. Jumapili aliiweka dirishani, sisi tukakaa chini. Betri zikichoka alizianika juani kwenye bati asubuhi nzima, na mtoto mmoja alikaa hapo kuzilinda kama mtu anayelinda mtama. Zikipata joto zilifufuka, zikatupa dakika chache za mpira kutoka Nairobi, halafu sauti ya mtangazaji ikaanza kuzama, ikawa nzito, ikawa ya mlevi, ikafa. Hapo Mzee Okwemba alinielekeza kidole. "Malizia wewe." Nami nikamalizia mechi nisiyoiona wala kuisikia, na watu wazima walikaa wakanisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake matokeo yakija tofauti walinicheka, lakini hawakukasirika. Waambie vijana wa leo kwamba tulikuwa tukianika betri. Watakuuliza kwa nini hatukuchaji.

Redioni niliingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimemaliza shule, nabeba mizigo pale stesheni, kukawa na mechi kubwa Afraha. Mafundi wa redio walifika mapema na nyaya zao, lakini mtangazaji aliyekuwa akija na gari lingine alikwama Gilgil, gari limechemka. Saa ya mechi ikafika. Fundi mmoja akatoka nje akiuliza kama kuna mtu anayeweza kusemasema tu mpaka mwenyewe afike. Watu wa landhi waliokuwa pale langoni walinisukuma kwa mikono mingi hata sikuona ni ya nani. Mtangazaji alifika wakati wa mapumziko, akaketi pembeni, akavaa vile visikizio, akasikiliza. Nilipotaka kumwachia kiti akatikisa kichwa. "Endelea, kijana," akasema. "Nimechoka na safari." Mwezi uliofuata nilikuwa Nairobi.

Nilipofika Nairobi nilifanya kosa ambalo mtu wa Nakuru peke yake ndiye angelifanya. Mechi yangu ya kwanza katika uwanja mkubwa, nchi nzima inasikiliza, winga akachomoka na mpira, nami nikasema kwa nguvu zangu zote, "Huyooo, anaelekea Menengai!" Niliona fundi akigeuka. Nikajaribu kujirekebisha, nikasema upande wa kaskazini, nikasema upande wa jukwaa kuu, lakini joto la mechi lilipopanda ulimi ulirudi kwao. Menengai, ziwani, ziwani, Menengai, mpaka kipenga cha mwisho.

Mkubwa wa michezo aliniita ofisini Jumatatu.

"Menengai ilihamia Nairobi siku gani?" akaniuliza.

"Samahani, mkubwa. Sitarudia."

"Watu wamepiga simu toka asubuhi."

Nilijua nimekwisha. Nikaanza kufikiria namna ya kurudi stesheni kubeba mizigo.

"Wanasema wameelewa mechi kwa mara ya kwanza," akasema. "Mimi sijui ni kwa nini. Lakini usibadilishe."

Ndivyo nchi nzima ilivyokuja kuwa na goli la Menengai na goli la ziwa katika kila uwanja, Mombasa, Kisumu, hata tulipokwenda kutangaza nje. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nakuru alibishana na mwenzake kilabuni kwamba bao lilifungwa upande wa ziwa. Niliwahi kupita Kariandusi nikiwa na shida ya gari, na wachimbaji wa ule udongo mweupe, wamepakazwa kama mizimu, waliponisikia nikiomba maji walitupa sepetu. "Ni yeye! Sema Menengai, mzee, sema!" Nikasema, wakashangilia kama bao limeingia. Baba naye alikuwa amestaafu, yuko kwao Vihiga na redio yake mwenyewe, na nilipomtembelea aliniambia kitu kimoja tu: "Ukisema Menengai, naona." Alifariki Jumapili moja, siku isiyo na mechi. Mama alifuata mwaka uleule.

Mke wangu Truphosa nilimpata kwa sauti pia. Alikuwa mwalimu Njoro, nami nilikwenda huko kwenye harusi ya binamu. Nilikuwa nyuma ya mstari wa chakula, nikamwambia mtu anipishe kidogo, na mwanamke aliyekuwa mbele kabisa, aliyenipa mgongo, akaweka sahani chini. Aligeuka akanitafuta katikati ya watu. Aliponipata, uso ukamwanguka kidogo.

"Kumbe ndiwe?" akasema. "Nilidhani u mrefu."

Alinipenda hivyohivyo. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akisahihisha vitabu vya watoto Jumamosi huku redio ikiimba jina la kila mchezaji, na wakati mwingine alimpa mtoto alama za bure kwa sababu bao lilikuwa limeingia. Akanizoesha kitu kimoja: kila mechi kabla haijaanza, nikiwa najaribu kipaza sauti, niseme "Habari za nyumbani." Wasikilizaji walidhani ni salamu yao. Ilikuwa ya mtu mmoja, Njoro, na baadaye jikoni kwetu.

Sasa nieleze habari ya meno. Sisi tuliokunywa maji ya visima vya Nakuru utotoni mnatujua tukicheka. Meno yetu ni ya kahawia, yana mistari, na hakuna mswaki wala majivu yatakayoyatakasa. Redioni hayakumdhuru mtu. Lakini televisheni ilipoanza kutaka watangazaji wa mpira, nikaitwa kujaribiwa, nikatangaza vizuri, wote wakapiga makofi, halafu wakaniketisha mbele ya kamera kwa yale mazungumzo ya mapumziko. Nikatabasamu. Kijana mmoja nyuma ya kamera alishusha macho. Waliniambia sauti yangu ni dhahabu na kwamba watanipigia. Kiti alikipata kijana mwenye meno meupe, ambaye alimwita kila kipa "mlinda lango mahiri" hata alipokuwa amefungwa manne. Nilirudi kwenye redio yangu na sikulalamika. Truphosa ndiye aliyelia, kwa hasira, akasema wamechagua meno wakaacha mdomo.

Kisha redio nayo ikatukimbia. Zikaja stesheni nyingi, zikaja kelele, mechi za hapa nyumbani zikaachwa, na vijana wakaanza kukaa studio wakitazama mpira wa Uingereza kwenye skrini na kuusimulia kama wako London. "Niaje wasee, odds ziko aje leo?" ndivyo kipindi kinavyoanza. Kijana wa Kiamunyi, hapa Nakuru, ambaye hajawahi kuingia Afraha anakuambia "sisi tumefungwa jana," na huyo "sisi" ni watu ambao hawajui Kiamunyi iko dunia gani. Anaumia kweli, maskini, kwa sababu ameweka pesa kwenye kamari. Nilistaafu nikiwa bado na sauti nzima. Nikajenga hapa Kiamunyi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa na amani, mpaka sauti ilipoanza kukwaruza, nikadhani ni baridi ya Julai.

Siku ile daktari aliponiambia, jambo la kwanza nililofikiria halikuwa kifo. Nilifikiria kwamba lazima sauti yangu iko mahali. Miaka yote ile, mechi zote zile, kanda zote zile. Sauti itatolewa mwilini mwangu, sawa, lakini iko kwenye kanda, Truphosa ataisikia, wajukuu wataisikia. Maana hata kwetu hapa hakuna anayeamini. Vijana wa bodaboda pale stejini waliniuliza juzi, "Mathe wa kwako, yule mwalimu, anasema ulikuwa mtangazaji. Tuonyeshe basi clip, mzee." Nikawaambia hakuna. "Ah, basi hizo ni story za jaba," mmoja akasema, yaani porojo za wala miraa, na wenzake wakaangua kicheko. Nilinunua maziwa nikarudi.

Kwa hiyo nilikwenda Nairobi mimi na Truphosa, kwenye kile kituo cha redio nilichofanyia kazi. Ofisi yote ni vioo sasa. Tulipokewa vizuri na kijana mmoja anayetunza kumbukumbu, alituletea chai, akamwita Truphosa "mum." Akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena, akakuna kichwa.

"Mzee, ukweli ni huu," akasema. "Za enzi yenu zilirekodiwa juu."

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilijua na nilikuwa nimelisahau. Kanda zilikuwa haba, ziliagizwa ng'ambo, na mechi ikishatangazwa moja kwa moja kanda yake haikuwa na kazi tena. Ilipita kwa kipindi kingine, ikarekodiwa juu. Kila mtu alifanya hivyo na hakuna aliyeona vibaya, maana Jumamosi ijayo kulikuwa na mechi nyingine na sauti ilikuwa pale pale, bure, haiishi. Nani anahifadhi maji karibu na mto?

Kijana yule hakukata tamaa. Alishuka stoo, akakaa sana, akarudi na kanda moja ya zamani, kubwa kama sahani. Juu ya boksi lake, kwa kalamu iliyofifia, paliandikwa jina langu na neno fainali. Truphosa alinishika mkono kwa nguvu hata pete ikaniumiza. Ile fainali naikumbuka. Watu walinisimamisha barabarani miezi mingi baadaye kunirudishia maneno yangu.

Mashine ya kuichezea ilikuwa moja tu na ilihitaji kubembelezwa. Ikawaka. Ikatoka sauti ya mtu mwingine, bwana wa kilimo, akieleza namna ya kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Tulikaa tukamsikiliza. Alieleza kuhusu kina cha josho. Alieleza kuhusu ndama. Kijana alitaka kuizima, Truphosa akamkataza. "Iache mpaka mwisho," akasema, kwa ile sauti yake ya ualimu. Bwana wa kilimo aliaga wasikilizaji, na kanda ilikuwa bado ina kipande kidogo ambacho yeye hakukijaza. Ikakwaruza. Halafu tukausikia uwanja. Ngurumo ya watu maelfu, firimbi, ngoma mahali fulani, na karibu kabisa na kipaza sauti, mtu akavuta pumzi ndefu, kama anavyovuta mtu anayetaka kusema. Nilijijua. Ilikuwa pumzi yangu.

Kanda ikaisha. Ule mkia ukabaki ukizunguka, ukipiga kwenye chuma, tap, tap, tap, mpaka kijana alipouzima.

"Pole, mzee," akasema. Alikuwa karibu kulia yeye pia, na simlaumu kwa lolote. Wakati kanda ile inafutwa, hata mama yake hakuwa amezaliwa.

Tangu turudi nimeuliza kila mahali. Nimeuliza kanisani. Rafiki yangu wa Molo alikuwa amenirekodi kwenye kaseti, lakini wanawe walishaitoa utepe wakafungia magunia ya viazi. Kama kati yenu mnaosoma haya kuna aliye na hata dakika moja, sitajifanya sina haja. Lakini nimekwisha kuona namna dunia ilivyo na sitarajii. Najua sasa kwamba nilitumia maisha yangu kuandika hewani, na hewa haina rafu ya kuwekea kitu. Nikisema nimeridhika nitakuwa namdanganya mtu. Sijaridhika. Naogopa ule ukimya wa Jumatatu kuliko kisu chenyewe.

Jana asubuhi, tukiwa jikoni, Truphosa alifuta mikono, akaleta simu yake, akaiegemeza kwenye chupa ya chai.

"Tunarekodi hata hii iliyobaki," akasema. "Usiseme mambo mengi. Nisalimie tu kama zamani."

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, kuna mambo mwili unayafanya wenyewe. Nikasafisha koo mpaka macho yakatoka machozi. Nikasema, "Habari za nyumbani." Akabonyeza, akaicheza, akaiinamia simu kwa lile sikio lake linalosikia vizuri.

Kilichotoka humo hakikuwa sauti. Kilikuwa kama mtu anayeburuta gunia la makaa kwenye sakafu, na katikati ya mburuto huo maneno matatu yaliyotambulika kwa shida. Aliicheza mara ya pili. Nilimtazama uso. Alikuwa akinitafuta humo ndani, kama alivyonitafuta kwenye ile harusi ya Njoro, na safari hii hakunipata.

"Huyu si wewe," akasema.

Akaifuta mwenyewe. Aliniuliza kwa macho kabla ya kubonyeza, nikakubali kwa kichwa.

"Afadhali nibaki na ile niliyo nayo hapa," akasema, akagusa paji la uso. "Hii hakuna atakayerekodi juu yake."

Enzi zetu mtu mmoja alisema na watu elfu wakakumbuka. Leo kila kitu kimehifadhiwa na hakuna anayekumbuka chochote, na mimi niliyeanguka katikati nimebakiwa na mwanamke mmoja tu aliyeishika sauti yangu yote, kuanzia salamu mpaka kipenga cha mwisho. Nikampa mkono nikashukuru. Tukanywa chai. Akatoka kuwapa kuku chakula, akarudi, akatazama kile kikombe changu kitupu, akaniuliza kwa upole kama nimekunywa chai. Nikaitikia kwa kichwa. Baada ya kitambo kidogo akaniuliza tena, kwa maneno yaleyale, kama mtu ambaye hajauliza.